UZI: Purdue 1943, kutoka kupigwa mechi 8 hadi kushinda zote 9. Sifa apewe nani?

#1 Kipanga
Wakuu, habari zenu. Naomba tuijadili timu moja ya futiboli ya Kimarekani ambayo rekodi yake, ukiipitia haraka, utadhani mchapaji kakosea. Ni Chuo Kikuu cha Purdue, mjini West Lafayette, jimbo la Indiana. Mwaka 1942 walicheza mechi 9, wakashinda 1 na kupigwa 8. Mwaka 1943, wakiwa na kocha yuleyule, Elmer Burnham, wakacheza 9 wakashinda zote 9. Mwaka 1944 wakashinda 5 na kufungwa 5.

Sasa tazama majirani zao wa ligi ya Big Ten. Wisconsin mwaka 1942 walishinda 8, sare 1, wakafungwa 1. Mwaka 1943 wakashinda 1 na kufungwa 9! Ohio State walikuwa mabingwa wa taifa 1942. Mwaka uliofuata wakaambulia ushindi mara 3 na vipigo 6.

Dai langu ni hili: Purdue ya 1943 haikuwa timu ya Purdue. Ilikuwa timu ya Illinois ambayo serikali iliivalisha jezi za Purdue. Anayepinga aje na hoja.

#2 mzee_wa_rekodi
Uzi mzuri. Niweke matokeo kabisa ili tusibishane hewani. Great Lakes 23–13, Marquette 21–0, Illinois 40–21, Camp Grant 19–0, Ohio State 30–7, Iowa 28–7, Wisconsin 32–0, Minnesota 14–7, Indiana 7–0. Jumla pointi 214 kwa 55.

Kipanga ana ushahidi mkubwa kwenye mechi ya tatu, tarehe 2 Oktoba. Tony Butkovich, fulubeki (mkimbiaji wa mpira), alikuwa mchezaji wa Illinois msimu wa 1942. Siku hiyo akiwa na Purdue aliwafungia wenzake wa jana tachidauni 4 (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani, pointi 6 kila mara). Mbele yake kwenye safu ya kumfungulia njia alikuwepo Alex Agase, gadi, naye katoka Illinois. Huyu Agase si mtu wa kawaida: mwaka 1942, akiwa gadi, nafasi ambayo mchezaji anaweza kumaliza msimu mzima bila kuushika mpira, aliwafunga Minnesota tachidauni 2 katika mechi moja.

#3 Ndizi_Mzuzu
Naomba kueleweshwa. Enzi zile mchezaji wa chuo Marekani akihama si ilikuwa lazima akae mwaka mzima nje? Hawa walihama vipi kiangazi wakacheza Septemba?

#4 Fundi Saa
@Ndizi_Mzuzu hawakuhama, walihamishwa. Ngoja nieleze mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana bila hapo uzi huu hauwezi kueleweka.

Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Jeshi la Majini la Marekani lilihitaji maofisa wengi kuliko vyuo vyake vilivyoweza kutoa. Tarehe 1 Julai 1943 likaanzisha mpango ulioitwa V-12 katika vyuo 131. Serikali ilivilipa vyuo kwa mabweni, chakula na walimu, halafu ikajaza vijana ambao tayari ni askari lakini wanasoma hesabu, fizikia na uhandisi wakiwa na sare mwilini. Kila muhula ni wiki 16, mihula mitatu kwa mwaka: Julai, Novemba na Machi. Hakuna likizo ndefu ya kiangazi.

Mzigo wa kila kijana ulikuwa vipindi 17 vya masomo kwa wiki pamoja na saa 9 na nusu za mazoezi ya viungo. Asubuhi gwaride na viungo, mchana darasani, usiku kujisomea. Mpira unaingia kwenye upenyo wa alasiri tu.

Marine, ambao wako chini ya Jeshi la Majini, walikuwa na vijana wao wa akiba waliokwisha kuandikishwa wakiwa vyuoni. Julai ilipofika waliitwa wote kwa pamoja na kupangiwa vituo. Vijana wa Marine wa Illinois wakapangiwa Purdue. Wale wa Wisconsin, akiwemo Elroy Hirsch, wakapangiwa Michigan. Hakuna kocha aliyewasajili. Ni karani na orodha yake. Na kwa kuwa ulikuwa uhamisho wa kijeshi, ile kanuni ya kukaa nje mwaka mmoja iliwekwa kando. Ligi nyingi ziliruhusu hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza, jambo ambalo kabla ya vita lilikuwa mwiko.

#5 Mwanaidi wa Pangani
Asante Fundi. Ila umeacha nusu ya pili, na nadhani ndiyo yenye jibu. Jeshi la Majini liliruhusu wanafunzi wake wa V-12 kucheza michezo ya chuo kama mwanafunzi mwingine yeyote, mradi masomo yasianguke na wasikae nje ya chuo zaidi ya saa 48. Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na mpango wake vyuoni, ASTP, na lilikataa katakata. Askari wa ASTP haruhusiwi kucheza mechi ya chuo hata kama bweni lake linatazamana na lango la uwanja.

Sababu yao waliiweka kwenye saa. Wiki ya ASTP ilikuwa saa 59 chini ya usimamizi: 24 za darasa na maabara, 24 za kujisomea kwa lazima, 5 za kijeshi na 6 za viungo. Ukiweka mazoezi ya mpira ya kila siku pamoja na safari ya Jumamosi, lazima ukate mahali.

Kwa hiyo chuo chenye vijana wa majini kilipata timu, na chuo kilichoegemea Jeshi la Nchi Kavu kilibaki na watoto wa miaka 17. Ohio State ndiyo mfano wa hili la pili. Purdue na Michigan ndio mfano wa la kwanza. Kocha anakuja baadaye sana katika hesabu hii.

#6 Ben wa Kisumu
Hapo sasa sijakuelewa dada. Timu iliyotisha kuliko zote wakati wa vita ni Army ya 1944, akina Felix Blanchard na Glenn Davis. Pointi 504 msimu mzima, wakafungwa 35 tu. Notre Dame walikula 59–0. Hao ni Jeshi la Nchi Kavu lenyewe! Marufuku gani hiyo?

#7 Fundi Saa
Ben, West Point ni chuo chake cha kijeshi, kimekuwa na timu tangu karne ya 19, na kadeti wa pale si mwanafunzi wa ASTP. Marufuku iliwahusu askari waliopelekwa kusoma vyuo vya kiraia. Hata kambi za kawaida za Jeshi la Nchi Kavu zilikuwa na timu. Camp Grant aliyemtaja mzee hapo juu ni kambi ya jeshi huko Illinois, na ilicheza na vyuo bila shida. Kwa hiyo askari yuleyule angeweza kucheza akiwa kambini, lakini akipelekwa kusoma chuoni anazuiwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa hoja ya Mwanaidi ni Les Horvath. Mwaka 1943 alikuwepo Ohio State akisomea udaktari wa meno chini ya ASTP, na timu ilikuwa inapigwa bila yeye. Mwaka 1944 jeshi likamwachia, akarudi uraiani, akaingia uwanjani. Ohio State wakashinda mechi zote 9 na yeye akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Mtu yuleyule, chuo kilekile, kilichobadilika ni karatasi.

#8 Kipanga
Basi mnanisaidia. Kama karatasi ndiyo inayoshinda mechi, tuache kuandika jina la Purdue kwenye ubingwa.

#9 Sauti ya Mbeya
Kipanga, taratibu. Mnaongea kana kwamba ukiwa na Marine uwanjani mpira unaingia wenyewe. Burnham alipokea Julai kundi la vijana wasiojuana. Mmoja kazoea ishara za Illinois, mwingine ni mwenyeji wa Purdue aliyepigwa mara 8 mwaka jana, mwingine katoka sekondari juzi. Katika mchezo huu kila pigo (yaani kila mpira unapoanzishwa mpaka unaposimama) lina wachezaji 11 ambao kila mmoja ana kazi yake kwa hatua. Gadi akichelewa nusu sekunde kutoka kwenye mstari wake, fulubeki anagongana naye mgongoni na pigo linafia nyuma ya mstari. Kuwaunganisha hao mpaka tarehe 18 Septemba, kwa mazoezi ya alasiri tu, ni kazi.

Tena vita vilileta ile kanuni ya kubadilisha wachezaji bila kikomo, kwa sababu watu walikuwa haba. Kocha alilazimika kujifunza kuitumia.

#10 mzee_wa_rekodi
Sauti, hoja ya kocha naikubali, ya kanuni naisahihisha. Kanuni ya kubadilisha wachezaji kwa uhuru ilipitishwa Januari 1941. Pearl Harbor ni tarehe 7 Desemba 1941. Marekani ilikuwa haijaingia vitani bado.

Kabla ya hapo, mchezaji akitoka katika robo fulani harudi tena mpaka robo inayofuata. Ndiyo maana kila mtu alicheza pande zote mbili, kushambulia na kuzuia, na kocha aliogopa kumpumzisha mtu wake bora dakika 5 akamkosa robo nzima. Baada ya 1941 unamtoa, anavuta pumzi, unamrudisha. Vita viliikuta kanuni ipo tayari, vikaifanya kuwa ya lazima: kijana wa miaka 17 hana mapafu ya dakika 60, unamzungusha. Aliyeitumia mpaka mwisho ni Fritz Crisler wa Michigan. Mwaka 1945 dhidi ya Army aligawa kikosi chake, wengine washambulie na wengine wazuie. Alifungwa 28–7, lakini mbegu ya mchezo wa leo ikawa imepandwa.

#11 Nyuki wa Tabora
Wakuu naona mmeruka tarehe moja ambayo kwangu ndiyo moyo wa msimu wote wa 1943. Tarehe 1 Novemba.

Fundi kasema mihula ilianza Julai na Novemba. Msimu wa futiboli unaanza katikati ya Septemba na kuisha mwishoni mwa Novemba. Maana yake muhula ulikatika msimu ukiwa katikati. Vijana waliokuwa wamebakiza muhula mmoja tu wa masomo Julai waliumaliza Oktoba na kupelekwa hatua inayofuata, na kwa Marine hatua hiyo ilikuwa kambi ya kuruta ya Parris Island, South Carolina. Jeshi halikusubiri ligi iishe.

Purdue walimpoteza Butkovich baada ya mechi ya saba, Wisconsin, tarehe 30 Oktoba. Alikwisha kufunga pointi 78 katika mechi 4 za ligi, yaani tachidauni 13, rekodi ya Big Ten wakati huo. Notre Dame walimpoteza kotabeki wao Angelo Bertelli siku hiyohiyo, baada ya mechi ya sita, naye kaenda Marine. Alicheza mechi 6 tu na bado akapewa Heisman. Michigan wakampoteza Bill Daley, kijana wa Minnesota aliyeletwa kwao na V-12.

Piga hesabu. Purdue mechi 7 za kwanza wamefunga pointi 193, wastani wa 27 na ushee. Mechi 2 za mwisho pointi 21, wastani wa 10 na nusu. Notre Dame mechi 6 za kwanza 261, wastani wa 43 na nusu. Mechi 4 za mwisho 79, wastani usiofika 20. Timu zote mbili zimeshuka chini ya nusu baada ya tarehe ileile.

Na hapa ndipo nampa Burnham sifa, kinyume na Kipanga. Akiwa amenyang'anywa mfungaji wake, alikwenda Minnesota akashinda 14–7, akaenda Indiana akashinda 7–0. Mechi 9 kwa 9 zilipatikana kwenye hizo mbili.

#12 Ben wa Kisumu
Nyuki, takwimu tamu, ila ukumbuke wapinzani hawakuwa sawa. Notre Dame baada ya 1 Novemba walikutana na Army, Northwestern, Iowa Pre-Flight na Great Lakes mfululizo. Hata Bertelli angekuwepo wastani ungeshuka. Na aliyechukua nafasi yake hakuwa mzigo: Johnny Lujack, kijana wa mwaka wa pili, alianza kwa kuwapiga Army 26–0.

#13 Nyuki wa Tabora
Nakubali kwa Notre Dame. Kwa Purdue sikubali sana. Minnesota na Indiana hawakuwa wazito kuliko Great Lakes waliofungwa mechi ya kwanza.

#14 Ndizi_Mzuzu
Kwa faida yetu wageni: hizi Iowa Pre-Flight na Great Lakes ni vyuo?

#15 Fundi Saa
Hapana. Great Lakes ni kambi ya mafunzo ya Jeshi la Majini kaskazini ya Chicago. Iowa Pre-Flight ilikuwa shule ya kuwaandaa marubani wa majini, imewekwa ndani ya Chuo Kikuu cha Iowa. Msimamizi wa mpango ule, Tom Hamilton, aliamini futiboli inamfundisha rubani kuamua haraka akiwa amechoka na anagongwa, kwa hiyo mpira uliwekwa kwenye ratiba yenyewe ya mafunzo. Kwenye timu hizo ungekuta watu waliokwisha cheza ligi ya kulipwa. Ndiyo maana kumfunga Great Lakes 23–13 mechi ya kwanza kulishtua.

Tena Great Lakes haohao, chini ya kocha Tony Hinkle, ndio waliowaharibia Notre Dame siku ya mwisho: 19–14, kwa pasi ndefu ya Steve Lach zikiwa zimebaki sekunde chache. Notre Dame walikuwa wameshinda 9 mfululizo.

#16 Kipanga
Sasa hapo ndipo linakuja swali langu la pili. Notre Dame kafungwa na Great Lakes. Purdue kamfunga Great Lakes. Notre Dame kamaliza na kipigo kimoja, Purdue hana hata kimoja. Kwa nini kura ya shirika la habari la AP ilimpa Notre Dame ubingwa wa taifa na Purdue akawekwa wa 5?

#17 mzee_wa_rekodi
Kwa sababu ya waliowafunga. Orodha ya mwisho ya AP: Notre Dame, Iowa Pre-Flight, Michigan, Navy (chuo cha Jeshi la Majini cha Annapolis), Purdue. Notre Dame aliwafunga wa 2, wa 3 na wa 4. Michigan 35–12, Navy 33–6, Iowa Pre-Flight 14–13. Purdue hakukutana na hata mmoja wa hao wanne. Hata ubingwa wa Big Ten waligawana na Michigan, kila mmoja ushindi 6 kwa 6, kwa sababu ratiba haikuwakutanisha. Mshindi wa kweli wa ligi hakupatikana uwanjani, na hilo linaniuma mpaka leo nikiisoma ile jedwali.

#18 Mwanaidi wa Pangani
Mzee, naongeza maelezo mengine ambayo hayajaguswa: udhaifu wa wengine. Mwaka 1943 vyuo vingi havikuwa na timu kabisa. Kusini ndiko kuliumia zaidi. Alabama, Auburn, Tennessee, Kentucky, Florida, Mississippi na Mississippi State wote walifunga milango msimu ule. Stanford hawakucheza 1943 hadi 1945. Waliobaki bila V-12 walikuwa na makundi mawili tu ya wachezaji: walio chini ya miaka 18, na waliopewa daraja la 4-F, yaani jeshi limewakagua na kuwakataa.

Watu hudhani 4-F ni mgonjwa wa kitandani. Sivyo. Sikio lenye tundu, jicho moja bovu, mishipa ya miguu iliyovimba, goti lililowahi kuteguka, vyote vilitosha kukukatalia bunduki bila kukukatalia mpira. Steve Van Buren wa chuo cha LSU, Louisiana, alikataliwa kwa sababu ya macho. Bill Willis wa Ohio State, mtu mweusi, mmoja wa wachezaji bora wa safu ya mbele enzi zile, alikataliwa kwa mishipa ya miguu. Creighton Miller wa Notre Dame jeshi lilimwachia kwa sababu ya shinikizo la damu, na mwaka huohuo akaongoza taifa zima kwa yadi za kukimbia, 911.

Mnataka kuona timu za watoto zilivyocheza? Ohio State na Illinois, tarehe 13 Novemba 1943. Sare 26–26, filimbi ya mwisho imelia, watazamaji wanatoka, timu zimeingia vyumba vya kubadilishia nguo. Waamuzi wakakaa wakasema Illinois walikuwa wamevuka mstari kabla ya mpira kuchezwa kwenye pigo la mwisho, kwa hiyo pigo lirudiwe. Kocha Paul Brown akawarudisha vijana wake uwanjani, wengine wameshaanza kuvua. John Stungis, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akapiga teke la goli mbele ya majukwaa ambayo yalikuwa karibu matupu. Likapita. 29–26. Kuna waliofika nyumbani wakijua mechi imeisha sare.

#19 Sauti ya Mbeya
Dada Mwanaidi hiyo ya Stungis imenisisimua. Halafu hao Illinois ndio walionyang'anywa Agase na Butkovich. Mwaka 1942 walishinda 6 na kufungwa 4. Mwaka 1943, 3 kwa 7.

Umemgusa Willis, niulize: huko V-12 watu weusi waliruhusiwa?

#20 Mwanaidi wa Pangani
Ndiyo, kisheria mpango ulikuwa wazi, ila waliopita walikuwa wachache mno, na kwa Marine ndiyo kabisa. Jina la kulijua ni Frederick Branch. Alianzia Montford Point, kambi ya kuruta waliyotengewa weusi, akapelekwa Pasifiki ya Kusini, na akiwa huko akateuliwa kwenda V-12. Chuo alichopangiwa ni hikihiki Purdue, baada ya msimu tunaouzungumza. Alikuwa mweusi pekee katika kundi lake. Tarehe 10 Novemba 1945 akawa ofisa wa kwanza mweusi katika historia ya Marine. Kwenye nyuzi za Purdue ya wakati wa vita watu humtaja Butkovich peke yake, nami naona wote wawili wana nafasi.

#21 Ndizi_Mzuzu
Swali la kiufundi. Saa 48 nje ya chuo, na petroli kwa mgawo. Walisafiri vipi?

#22 Fundi Saa
Treni. Gari binafsi lenye stika ya A lilipata galoni 4 kwa wiki mwanzoni, baadaye 3, kwa hiyo hata mashabiki walikwama. Lakini kilichokuwa adimu zaidi ya petroli ni tairi. Mgawo wa petroli wenyewe lengo lake kubwa lilikuwa kuwazuia watu wasimalize tairi, kwa sababu Japani ilikuwa imeteka Malaya na visiwa vya koloni la Uholanzi (Indonesia ya leo), ambako Marekani ilikuwa ikipata karibu mpira wake wote wa utomvu.

Safari kama ya Purdue kwenda Minneapolis ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, kupitia Chicago. Ukiondoka Ijumaa baada ya vipindi, ukacheza Jumamosi mchana, lazima upande treni ya kurudi bila kuchelewa. Na treni zimejaa askari, mabehewa ya kulala hayapatikani, kijana anafika amekaa kitako usiku kucha. Kinachoharibika kwanza ni miguu, robo ya nne.

Kubwa kuliko yote ni Army na Navy. Mwaka 1942 mechi yao iliondolewa Philadelphia ikachezwa Annapolis, tiketi wakauziwa wakazi wa jirani tu. Kadeti wa West Point hawakuruhusiwa kusafiri, basi sehemu ya wanafunzi wa Navy wakaamriwa kukaa upande wa pili na kuishangilia Army. Navy wakashinda 14–0.

#23 Mto Ruvu
Nilikuwa msomaji tu ila hapo kwenye mpira wa utomvu naingia. Pengo lilelile la Malaya lilifika Tanganyika. Mashamba ya mpira yaliyopandwa enzi za Mjerumani upande wa Tanga, yaliyokuwa yametelekezwa bei ilipoanguka, yalifufuliwa wakati wa vita na Waingereza wakapeleka vibarua wa kulazimishwa kugema. Mti wenyewe ni ule wa Ceará, ndugu wa muhogo, utomvu wake ni kidogo na unaganda haraka shinani ukilinganisha na ule wa Malaya. Mkonge nao ulipanda thamani ghafla, kwa kuwa katani ya Manila na ya visiwa vya Uholanzi ilikuwa mikononi mwa Japani na meli za kivita haziendi bila kamba.

#24 Ben wa Kisumu
Mto Ruvu umetutoa Indiana umetufikisha Muheza 😀 Lakini uko sahihi. Nami naongeza pareto ya Kenya. Tarehe 24 Desemba 1944 kisiwani Guadalcanal, Marine wa rejimenti ya 4 na ya 29 walicheza mechi ya futiboli kati yao, mkesha wa Krismasi, juu ya ardhi ngumu isiyo na majani. Walikubaliana kugusana kwa mikono miwili bila kuangushana, makubaliano ambayo hayakudumu. Ikaisha 0–0. Butkovich alicheza siku ile. Guadalcanal ilikuwa na malaria kali, na kinga yao ilikuwa DDT, ambayo...

#25 Mto Ruvu
Ben, usivuke haraka. DDT ilienea kwa wingi kuelekea mwisho wa vita. Kabla yake, kopo la kupulizia walilopewa askari wa Marekani lilikuwa na dondoo ya pareto, mafuta ya ufuta na gesi ya Freon ya kusukuma. Kazi ya pareto ni kumwangusha mbu papo hapo, na ufuta unaongeza makali ya pareto. Pareto ya Japani ilikatika vita vilipoanza, Kenya ndiyo ikawa mlishaji mkuu wa Washirika. Kwa hiyo pareto yako iko sahihi, DDT ndiyo uipange nyuma yake.

#26 Ben wa Kisumu
Nimepokea, asante.

#27 Nyuki wa Tabora
Kwa kuwa tumefika Guadalcanal tumalizie habari ya Butkovich. Alikuwa amechaguliwa raundi ya kwanza na timu ya kulipwa ya Cleveland Rams mwaka 1944. Hakuvaa jezi yao. Aliuawa Okinawa tarehe 18 Aprili 1945, akiwa koplo.  Agase alikuwa kisiwa hichohicho, akajeruhiwa, akapona.

#28 Kipanga
Mungu awapumzishe. Naendelea na hoja kwa heshima yao.

Tazameni Agase alivyofanya baada ya vita. Alirudi Illinois, siyo Purdue. Mwaka 1946 Illinois wakachukua Big Ten, na tarehe 1 Januari 1947 wakawapiga UCLA 45–14 kwenye Rose Bowl. Agase ana heshima ya kuchaguliwa kikosi bora cha taifa kutoka vyuo viwili: Illinois 1942 na 1946, Purdue 1943. Mchezaji mwenyewe alijua nyumbani ni wapi.

#29 Sauti ya Mbeya
Na nani aliyekuwa kocha mkuu wa Purdue kuanzia 1973 hadi 1976, Kipanga?

#30 Kipanga
Agase. Najua. Hiyo ni ajira, haihusiani na 1943.

#31 mzee_wa_rekodi
Mimi naona kipimo cha dai la Kipanga kiko kwenye 1944. Purdue walikuwa bado na kundi la V-12, bado na uhamisho wa kijeshi, ila Burnham kaondoka kwenda Rochester na Cecil Isbell kachukua timu. Wakatoka 5 kwa 5. Kama karatasi ya jeshi peke yake ndiyo iliyoshinda 1943, mbona 1944 karatasi ipo na ushindi haupo?

#32 Mwanaidi wa Pangani
Kwa sababu V-12 haikugawa watu sawasawa kila mwaka, mzee. Kundi la Julai 1943 lilikuwa la pekee: vijana wa akiba waliokuwa wamerundikana vyuoni tangu 1942 waliitwa wote siku moja, wakiwemo waliokwisha cheza msimu mmoja au miwili ya Big Ten. Kufikia vuli ya 1944 hao walikuwa Pasifiki. Waliofuata wengi walitoka sekondari moja kwa moja. Kocha kabadilika, ni kweli, lakini na watu walibadilika wakati uleule, na huwezi kuvitenganisha viwili hivyo kwa msimu mmoja.

#33 Fundi Saa
Kuna njia ya kuvitenganisha kidogo. Chukua Michigan. Crisler alikuwepo 1942, 1943 na 1944, mfumo wake haukubadilika, na watu wa V-12 walikuja na kuondoka kwa kalenda ileile. Kama Michigan hawakuporomoka 1944 kama Purdue walivyoporomoka, sehemu ya jibu ni benchi. Nitapanga mechi zao za misimu yote mitatu kabla na baada ya 1 Novemba, kama Nyuki alivyofanya, niziweke hapa. Mzee, wewe chukua Northwestern.

#34 mzee_wa_rekodi
Northwestern nachukua. Nyuki aangalie Notre Dame ya 1944, maana kocha wao Frank Leahy naye alikuwa ameondoka kwenda Jeshi la Majini.